Chaplinesque, Garboesque, bogart: jina la mwigizaji linageukaje kuwa neno?

Mfasiri_Mgeni
Wakuu, habari za jioni. Kwenye uhakiki wa filamu ninaoutafsiri kuna "a Chaplinesque walk". Nimeweka "mwendo wa Chaplin", mhariri kakataa. Kosa liko wapi? Halafu mbona Chaplin anapewa -esque na Hitchcock anapewa -ian? Kuna kanuni, au ni mazoea tu?

Silabi
Mhariri hajakosea, mkuu. "Mwendo wa Chaplin" ni wa Chaplin mwenyewe. Anayesemwa hapo ni mtu mwingine, anayetembea kama yeye: vidole vya miguu vimetazama nje, fimbo inazungushwa mkononi, suruali pwaya. Kiswahili kina ki- kwa kazi hiyo hiyo. Mwendo wa kitoto anaweza kuwa nao hata mzee wa miaka 70, basi andika "mwendo wa Kichaplin".

Ila soma aya nzima kwanza. Mara nyingi Chaplinesque haihusu miguu kabisa. Inahusu kicheko chenye majonzi ndani yake, mnyonge anayeng'ang'ania heshima yake huku kiatu kimetoboka. Hapo ki- peke yake haimfikishi msomaji, ongeza maneno mawili matatu: "ucheshi wa Kichaplin, wenye huzuni chini yake". Maana hiyo si ya juzi. Yule mzururaji, mhusika aliyeigizwa na Chaplin, alionekana kwenye filamu mara ya kwanza 1914, na 1921 mshairi wa Marekani Hart Crane aliandika shairi aliloliita "Chaplinesque" baada ya kutazama filamu ya Chaplin *The Kid*.

BibiSarufi
Kuhusu viambishi. -esque ilitoka Kiitaliano (-esco) ikapitia Kifaransa, na tangu zamani imekaa upande wa sanaa: arabesque, grotesque, Dantesque. Inasema "kwa mtindo wa", jicho likiwa kwenye sura na namna. -ian ni ya Kilatini na ni pana zaidi, inabeba pia umilikaji na ufuasi. Tamthilia ya Shakespeare mwenyewe huitwa Shakespearean bila shida, lakini filamu ikiitwa Chaplinesque msomaji hudhani kaitengeneza mtu mwingine. (Hitchcock ni mwongozaji, mwanangu, si mwigizaji, ingawa alipenda kujipitisha kwenye filamu zake.)

Jambo la pili ni mkazo, na hili wengi hulisahau. -esque hujichukulia mkazo mkuu yenyewe, jina likabaki kama lilivyo: chaplin-ESQUE. -ian huuvuta mkazo hadi silabi inayoitangulia, kwa hiyo HITCH-cock hugeuka hitch-COCK-ian. Majina mengine huharibika vibaya zaidi. Shaw, mwandishi wa tamthilia, ilibidi apitishwe kwenye Kilatini cha kubuni, Shavius, ndipo ikapatikana Shavian.

Majina ya waigizaji yanayoishia kwa irabu, kama Garbo na Brando, kwa kawaida hayakatwi, tofauti na Dante kwenye Dantesque: Garboesque, Brandoesque. Ukiandika "Garbesque" umelipoteza jina.

Mfasiri_Mgeni
Shukrani sana, mama. Kwa hiyo nikitaka, mwigizaji yeyote anapokea?

Kapi_la_Kamusi
Kisarufi ndiyo, kimatumizi hapana. Jina lazima lielekeze kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo awe na jambo moja linalokumbukwa. Hepburnesque ina kasoro: ni mwigizaji Katharine Hepburn au mwenzake Audrey? Ndiyo maana utakuta wanaandika jina zima na kistari, "Audrey Hepburn-like". Grant naye ni taabu, maana kuna mwigizaji Cary Grant, kuna rais wa Marekani, na kuna neno la kawaida la msaada wa fedha.

Jina la ukoo la mwigizaji lililotangulia haya yote ni la Mroma Quintus Roscius, aliyetetewa mahakamani na Cicero, msemaji maarufu wa Roma. Kiingereza kikapata Roscian, yaani wa kiwango cha juu katika uigizaji. Leo halisemwi na mtu, limebaki kwenye kamusi.

Njia nyingine haina kiambishi kabisa. Mwigizaji Humphrey Bogart alifariki 1957. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani wakawa wanatumia "to bogart" kwa mtu anayeing'ang'ania sigara ya kupokezana, kwa sababu sigara ya Bogart kwenye filamu ilikuwa inaning'inia mdomoni tu. Sasa hata anayehodhi chakula cha wote huambiwa hivyo. Usitafsiri "kufanya Kibogart"; andika "kuhodhi" au "kung'ang'ania", umemaliza.

Na msichanganye mwigizaji na mhusika. Mifuko ya rambo tuliyobebea nyanya hadi marufuku ya 2019 Tanzania ina jina la mhusika. Stallone, mwigizaji wa Rambo, mwenyewe hakuambulia neno.

Mfasiri_Mgeni
La mwisho: Kichaplin kwa K kubwa au ndogo?

Silabi
Kubwa, maadamu msomaji anapaswa kumkumbuka mtu. Bogart alipoteza herufi yake kubwa kwa sababu wanaolitumia neno wengi hawajawahi kumwona. Na usiongeze irabu ukaandika "Kichaplini", atakayetaka kulitafuta jina hatalipata.