Kukesha wodini halafu asubuhi raundi: wanafunzi wa udaktari Mbeya tunamalizwa

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo mwaka wa nne MD hapa Mbeya, chuo sikitaji. Nimevumilia hadi nimechoka.

Ukipangiwa zamu ya usiku unaingia jioni, unapokea wagonjwa, unakimbiza damu maabara, unamulika tochi ya simu mwenzako akitafuta mshipa. Kunakucha. Badala ya kwenda kulala, ni ripoti ya asubuhi, raundi (kupita kitanda kwa kitanda na daktari bingwa), kliniki, kipindi cha mchana, na kote huko unasaini mahudhurio. Sahihi zisipotimia, mtihani hukalii. Ukipata sapu, yaani kufeli na kutakiwa kurudia mtihani, likizo unabaki unarudia rotesheni (mafunzo ya idara moja wodini) wenzako wako makwao.

Juzi kati, na baridi hii ya Julai, mwenzetu katoka zamu akaingia raundi moja kwa moja. Koti jeupe juu ya sweta, faili linamtetemeka mkononi. Kaulizwa kipimo cha potasiamu ya damu ya mgonjwa wake. Kaisoma kwenye faili, ikampotea kabla hajaitamka, kaitafuta tena. Daktari bingwa akamwambia mbele ya ndugu wa mgonjwa: "Kama huwezi kukesha, nenda Mwanjelwa kauze vitenge." Dada wa watu kimya. Aliyejibu ni yule mama kitandani: "Mwacheni mwanangu jamani, usiku kucha alikuwa na mimi."

Tukilalamika tunaambiwa "sisi tulipita humo humo". Sawa, mlipita. Waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) na walioacha chuo kwa kuzidiwa, nani aliwahesabu?

Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 43. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake, asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Waliokutwa na dalili hizo, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta tiba. Mimi sishangai. Hapa kwetu ukienda kliniki ya akili, anayekusikiliza leo ndiye atakayekupa maksi rotesheni ijayo. Nani ataenda kumwaga moyo wake pale?

Na msiseme ni udhaifu wa kizazi chetu. Libby Zion, binti wa miaka 18, alifariki New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari waliokuwa bado mafunzoni, wenye zamu ndefu kupindukia. Baba yake alipiga kelele hadi jimbo likaweka ukomo wa saa za kazi mwaka 1989, na 2003 ukawa wa nchi nzima: saa 80 kwa wiki. Hao ni madaktari wanaolipwa. Sisi tunalipa ada, na ukomo hatuna.

Hata kiapo cha madaktari cha Geneva, tangu 2017, kinamtaka daktari aangalie afya yake mwenyewe ili ahudumie vizuri. Tunakariri kwa ajili ya nini?

Tunachotaka: aliyekesha aachiwe akalale ripoti ikiisha, na mahudhurio yake ya siku hiyo yahesabiwe. Hilo halihitaji bajeti wala kikao cha seneti, ni ratiba tu. Pia mshauri nasaha asiyehusika kabisa na kutusahihisha.

Mlioko Dodoma, Moshi, Mwanza na Dar, kwenu aliyekesha anaachiwa saa ngapi? Na walimu wetu mliomo humu, naomba mjibu kwa hoja.