Tupeane uzoefu: jua au nyota zimewahi kukuonyesha njia (au kukupoteza)?

Mleta uzi
Naanza na aibu yangu. Mwezi wa sita, pori la Manyoni, tumefuata asali. Mwenzangu tumepotezana, simu imezima. Ninachojua ni kwamba reli iko kaskazini, nikiiona tu nimepona. Kichwani nina kanuni ya kitabu fulani cha skauti: mchana jua huwa kusini. Basi saa saba nikalipa jua kisogo. Kivuli changu kiko mbele, kama nusu ya kimo changu, nami nakifuata kama mkia. Masaa mawili, reli hakuna. Nikamkuta mzee anachunga ng'ombe, nikampa shikamoo, nikamwonyesha niendako. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, wakati huu wa baridi jua linakaa kaskazini. Kusini litarudi Desemba." Kumbe kitabu kiliandikiwa watu wa Ulaya!

Mvuvi wa Mafia
Pole mkuu. Baharini jua ni la kuchomea mgongo tu, sisi tunategemea usiku. Mwezi huohuo wa sita, saa mbili usiku, Msalaba wa Kusini umesimama vizuri. Chukua urefu wake, ushushe kuelekea mguuni mara nne na nusu, hapo ndipo kusini. Kwetu panakuwa chini, karibu na maji.

Shida ni msalaba wa uongo. Tulikuwa na boti ya mashine kutoka Kilindoni kwenda Kilwa, nikamwachia mdogo wangu usukani nikalala. Naamka nasikia harufu ya matope ya mikoko. Dogo alikuwa amefuata msalaba mwingine, mkubwa zaidi, ulioinamia magharibi, akatupeleka pwani ya Rufiji. Ule wa kweli ni mdogo, na una nyota mbili kali zinazoufuata nyuma upande wa mashariki. Usipoziona hizo mbili, usigeuze usukani.

Wa Lodwar
Na ile Nyota ya Kaskazini msiisumbukie. Hapa kwetu iko digrii tatu tu juu ya upeo, vumbi linaimeza. Nyinyi wa kusini mwa ikweta hamna kabisa.

Mama Ubuyu
Mimi sijui nyota hata moja. Dar nikipotea natafuta msikiti, naangalia kibla. Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, basi nimemaliza 😂

Fundi Ramani
Mleta uzi, siku nyingine simika kijiti. Weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika ishirini, weka la pili. Kutoka la kwanza kwenda la pili ni mashariki, iwe Juni au Desemba.

Mleta uzi
Asante. Na mwezi wa tatu, jua likiwa utosini, kivuli chenyewe hakionekani?

Fundi Ramani
Lala chini ya mti mpaka saa tisa.