Mukuba toka Kapiri Mposhi mpaka Dar: mama mwenye goti bovu ataiweza?

Binti wa Katuba: Yambo bandugu. Mama yangu ana miaka 71, anataka kwenda Dar kumwona mdogo wake. Ndege hataki hata kuisikia. Nimewaza tutoke hapa Lubumbashi, tupite mpakani Kasumbalesa, tushuke Zambia mpaka Kapiri Mposhi, tupande Mukuba, treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Shida ni goti. Hata ngazi tatu za mlangoni kwetu anazipanda akishika ukuta, mguu mmoja kwanza, wa pili unafuata. Ataiweza treni, au tuchukue basi?

Fundi Kamalondo: Basi usithubutu, dada. Goti likikaa limekunjwa siku nzima linavimba. Kwenye treni atajinyoosha. Daraja la kwanza ni vitanda vinne kwa chumba, la pili ni sita. Lipia la kwanza, na useme mapema kwamba mama anataka kitanda cha chini. Wanawake hulala chumba chao, kwa hiyo mtakuwa pamoja. Ila kabla ya kufunga mizigo, hakikisha stesheni kwamba treni ya abiria inatembea wiki hiyo.

Mama Ruashi: Mwanangu, ni kilomita 1,860. Kwa ratiba ni kama siku mbili, lakini ucheleweshaji ni wa kawaida, usimwahidi mama mdogo saa ya kufika. Dawa za goti ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya mizigo. Karti ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau. Mkivuka mpaka toka Nakonde ya Zambia kuingia Tunduma ya Tanzania, saa inasogea mbele kwa saa moja. Mama anayekunywa dawa kwa saa mwambie mapema.

Binti wa Katuba: Asante sana mama. Na kupanda behewa lenyewe?

Mzee wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi): Hapo ndipo pa kufikiria. Ngazi ya behewa iko juu. Bebeni kigoda, akanyage hicho kwanza, wewe nyuma yake. Akishakaa, mpe dirisha. Baada ya Makambako reli inateremka milimani kwenye mahandaki na madaraja mpaka bonde la Kilombero. Mwambie pia mukuba ni shaba, kama tunavyosema sisi. Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Atapenda, ni habari ya ujana wake.

Binti wa Katuba: Nimemsomea yote. Kigoda ameshakitoa jikoni, amekiweka kando ya begi.