Mama anaharisha baada ya dozi ya antibayotiki: mtindi au vidonge?

Zuhura_T: Wadau, naombeni msaada, silali. Mama alimaliza dozi ya jino wiki iliyopita, tangu juzi anaharisha. Naambiwa dawa imeua bakteria wazuri. Mtindi au vidonge vya bakteria, kipi kinawarudisha haraka?

Mfamasia wa Zamu: Pole dada. Dawa gani? Ana umri gani? Anakwenda choo mara ngapi kwa siku?

Baba Swaumu: Mtindi, kikombe kwa siku. Ila asichanganye na doksisaiklini wala siprofloksasini: kalisi ya maziwa huishika dawa, mwili usiifyonze.

Zuhura_T: Miaka 68. Mara saba, nane.

Mfamasia wa Zamu: Dawa, dada. Hujataja dawa.

Zuhura_T: Klindamisini, siku kumi. Sasa nampa loperamaidi ya kuzuia kuharisha, maana wageni wamejaa nyumbani. Na Flagyl zilizobaki, mbili tayari. Si ndiyo dawa ya tumbo?

Mfamasia wa Zamu: Acha loperamaidi sasa hivi. Klindamisini hufagia bakteria wa utumbo mpana wanaogeuza nyuzinyuzi kuwa butireti, chakula cha ukuta wa utumbo. Hao hao ndio humbana Clostridioides difficile, bakteria mbaya wa utumbo. Wakiisha, mbegu zake huchipua na kumwaga sumu. Ukifunga choo, sumu inabaki ndani. Tumbo likivimba na kuharisha kukakata ghafla, hiyo ni dharura. Na Flagyl si chaguo la kwanza kwa umri wake. Kipimo kikithibitisha, daktari humwandikia vankomisini ya kunywa, miligramu 125 mara nne kwa siku, siku 10. Ya mshipa haifiki utumboni.

Mdadisi: Mimi uzi huu siuamini. Habari zinatoka kipande kipande. Kesho tutawekewa namba ya muuza vidonge.

Nesi Mstaafu: Tangazo au si tangazo, vidonge aviache. Utafiti wa Israel wa 2018 uliona vinachelewesha bakteria wa asili kurudi. Vile vya hamira, mwenye kinga dhaifu vinaweza kumwingia kwenye damu.

Zuhura_T: Siuzi chochote. Niliogopa kuitaja klindamisini kwa sababu niliinunua mwenyewe, bila cheti cha daktari.

Wa Maabara: Basi twende. Choo cha majimaji, vijiko viwili vya chai, kopo safi lenye kifuniko, kifike ndani ya saa 2. Kikikaa kwenye joto sumu inaharibika na jibu linatoka hasi. Njiani anywe ORS, paketi kwenye lita 1. Wewe nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sanitaiza haiui mbegu hizo. Choo pigeni jiki.

Zuhura_T: Kopo ninalo. Bajaji iko mlangoni.