Naomba ushauri: unga wa asidi amino kwa mkimbiaji

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Mimi ni mkazi wa Mbeya, mwanamume wa miaka 34, na kwa miezi mitano sasa ninajiandaa kwa mbio za kilomita 21. Tatizo langu ni kwamba kila nikifanya mazoezi ya kupanda milima, miguu hubaki mizito kwa siku mbili nzima, na mwenzangu ameniletea kopo la unga wa asidi amino (viungo vidogo vinavyojenga protini) tatu, yaani lusini, isolusini na valini, akisisitiza kwamba litarudisha nguvu za misuli.

Kinachonitatiza ni kwamba asidi hizo, ambazo ni miongoni mwa zile 9 tunazolazimika kuzipata kwenye chakula, zimo pia katika mayai, maziwa, nyama na dagaa. Na hata ugali wa mahindi, wenye upungufu wa lisini (nyingine kati ya hizo 9), hukamilishwa vizuri na maharage, ambayo huku kwetu hatuyakosi. Je, kwa mtu anayekula hivyo kila siku, kopo hilo (ambalo si la bei ndogo) litaongeza nini? Au ni afadhali kreatini, kirutubisho kingine cha wanamichezo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ingawa huwafaa zaidi wanyanyua vyuma na wakimbiaji wa mbio fupi, na huweza kuongeza uzito kwa kuhifadhi maji mwilini?

Ningependa hasa kuwasikia waliowahi kutumia na wataalamu wa lishe. Kopo bado sijalifungua, maana tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki.