Nikope kikundini au nisubiri tuvunje sanduku tugawane?

BintiKiuyu: Asalamu aleikum. Niko Pemba, nalima mwani. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kila wiki mtu ananunua hisa moja hadi tano. Ruhusa kukopa mara tatu ya ulichoweka, urudishe pamoja na ziada ndani ya miezi mitatu. Nataka nichukue chote. Usingizi sipati. Nichukue?

MzeeWaBandarini: Waaleikum salaam. Kwanza, hiyo ziada mnayorudisha si riba?

ShuwenaMakunduchi: Ziada inabaki sandukuni, tunagawana wenyewe, hakuna tajiri anayekula. Vikundi hivi vilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wasiofika benki. Mie nimeezekea bati kwa pesa za kikundi, na mwanangu kamaliza skuli. Siku ya kuvunja sanduku nilicheza mpaka kanga ikadondoka!

ChumviNyingi: Bibie, pesa za nini? Hujasema.

BintiKiuyu: Dau. Nipande mwani wa kotonii maji ya kina, bei yake inaupita ule mwingine, spinosamu.

ChumviNyingi: Dau kwa jina la nani?

BintiKiuyu: La mume wangu. Mie hata kuogelea sijui, ataliendesha nani? Na arubuni keshatoa. Zilikuwa pesa zangu za mwani, lakini ni nyumba moja.

Kasa: Kumbe harusi imeshaliwa, sisi tunaulizwa pilau itiwe chumvi kiasi gani 😂

ShuwenaMakunduchi: Akikupa talaka, dau utalifuata baharini? Deni litabaki kwako.

MpasuaNazi: Mnapoteza muda, uzi wa kutunga huu. Kotonii inakufa kwa maji ya moto, kila mkulima anajua. Huyu yuko Dar anatafuta hadithi. Haya, funguo za sanduku anashika nani?

BintiKiuyu: Inakufa maji madogo, ndiyo maana nikasema kina! Kufuli tatu, wanawake watatu, na mweka sanduku hashiki ufunguo hata mmoja. Mmoja wa hao watatu ni wifi yangu, na keshawaambia wenzake kuwa Jumamosi nakopa.

MpasuaNazi: Mh. Hapo umenikalisha.

MzeeWaBandarini: Mali ya mke ni ya mke, mwanangu. Nendeni kwa sheha wa kijiji chenu, muandikishane nusu kwa nusu, na mashahidi.

BintiKiuyu: Ataona simwamini, mzee wangu.

ChumviNyingi: Mwambie ni sharti la kikundi.

BintiKiuyu: Na wifi ndiye aliyeandika masharti ya kikundi?