Tupeane uzoefu: Hakimiliki darasani, mwisho wa kunakili ni wapi?

Mleta mada
Walimu wenzangu mnaofundisha Marekani, tuweke hapa kanuni tunazozifuata kazini. Wengi huamini kwamba kopi ikiwa ya wanafunzi basi haina kosa. Si kweli. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976 kinataja ufundishaji miongoni mwa mifano ya matumizi ya haki (fair use, yaani kutumia kazi bila ruhusa ya mwenyewe pasipo kosa), lakini bado vinapimwa vitu vinne kwa pamoja: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na hasara kwa soko la mwenye kazi. Tuanze na fotokopi.

Mkutubi
Fuateni mwongozo wa 1976 waliokubaliana wawakilishi wa shule, waandishi na wachapishaji. Huo si sheria. Ukiuzidi hujawa mkosaji papo hapo, ila itabidi ujitetee kwa vile vipimo vinne. Shairi lisizidi maneno 250 wala kurasa mbili. Makala, hadithi au insha nzima iwe chini ya maneno 2,500. Kipande cha kazi ndefu ni maneno 1,000 au asilimia 10, kwa kufuata kilicho kidogo, ila hata kwa kazi fupi unaweza kufika 500.

Tufanye hesabu. Riwaya ya maneno 60,000: asilimia 10 ni 6,000, kwa hiyo kikomo ni 1,000, yaani kurasa tatu au nne. Sura nzima kwa kawaida haiingii humo. Kopi ni moja kwa kila mwanafunzi, na kila kopi ibebe tamko la hakimiliki la kitabu chenyewe. Tamko hilo mara nyingi liko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, na ndiyo maana husahaulika kwenye mashine.

Mwl. wa Fasihi
Naongezea suala la muda, maana halizungumzwi sana. Mwongozo unataka wazo liwe la mwalimu mwenyewe, na limjie karibu mno na kipindi kiasi kwamba barua ya kuomba ruhusa isingejibiwa kwa wakati. Kopi zile zile zikitolewa kabatini kila muhula, kigezo hicho kimeanguka. Kwa mwandishi mmoja, ni kazi fupi moja au vipande viwili kwa muhula. Kwa somo zima, mara tisa. Na msikusanye vipande mkavijalidi vikachukua nafasi ya kitabu: Kinko's, kampuni ya maduka ya fotokopi, walishindwa kesi ya namna hiyo mwaka 1991.

Mwl. wa Sayansi
Hatari kubwa zaidi ni vitabu vya mazoezi, karatasi za majibu na miongozo ya marudio. Vimetengenezwa vinunuliwe na shule, kwa hiyo kila kopi ni mauzo yaliyopotea. Hapo usitegemee asilimia 10. Vitabu vya mazoezi na karatasi za majibu, ule mwongozo wa 1976 unavikataza waziwazi.

Ipo kesi ya 1983 ya kijitabu cha kupamba keki. Mwalimu aliandaa kijitabu cha kurasa 24, na 11 kati yake zilitoka kwenye kazi ya mwalimu mwenzake. Alitoa nakala 15 tu na hakumtoza mwanafunzi senti. Mahakama ya rufaa ilikataa utetezi wa matumizi ya haki, kwa sababu kazi zote mbili zilikuwa na lengo lile lile la kufundishia. Na mwaka 2019 jopo la raia mahakamani (jury) liliiamuru wilaya ya shule za Houston ilipe dola milioni 9.2 kwa miongozo ya marudio iliyonakiliwa.

Mgeni jukwaani
Na filamu je, wakuu? Naweza kuonyesha nzima?

Mkutubi
Unaweza, kwa kifungu cha 110(1): shule isiwe ya kibiashara, mwalimu na wanafunzi wawe pamoja darasani, nakala iwe halali, na filamu iwe sehemu ya somo. Ya kuwazawadia Ijumaa mchana haimo. Hiyo inahitaji leseni ya maonyesho ya hadhara. Akaunti binafsi ya mtandaoni nayo ina mkataba wake, na mara nyingi unaruhusu matumizi ya nyumbani pekee. Kwa masomo ya mtandaoni fuata kifungu cha 110(2), kilichopanuliwa mwaka 2002: vipande vya kiasi tu, kwa wanafunzi waliosajiliwa, nyuma ya nywila.

Mwl. wa Kompyuta
Kabla ya kunakili faili, jaribu kuwapa linki. Picha za NASA na kazi nyingine za watumishi wa serikali ya shirikisho hazina hakimiliki nchini Marekani. Za majimbo zinaweza kuwa nayo. Kazi zilizochapishwa mwaka 1929 zimekuwa mali ya umma tangu Januari 1, 2025, ila tafsiri mpya ya kitabu cha zamani ina hakimiliki yake. Kwenye leseni za Creative Commons (ruhusa za wazi anazotoa mwenye kazi), alama ya ND (bila mabadiliko) inakuzuia kusambaza kazi uliyoibadilisha, usiifupishe ukawagawia.

Mleta mada
Aliyeniuliza faragha kuhusu kumbukumbu: andika tarehe, kazi, kurasa, idadi ya kopi na sentensi moja kwa kila kipimo, kabla hujanakili. Mwalimu wa shule isiyo ya faida aliyeamini kwa sababu za msingi kwamba ni matumizi ya haki anaweza kuondolewa fidia ya kisheria (ile ambayo sheria yenyewe imeipangia viwango), na karatasi hiyo itamsaidia kuonyesha sababu zake.